Pombe na joto kali: maswali na majibu

Siku za joto kali maswali kuhusu pombe huwa mengi. Nimeyajibu hapa yale yanayoulizwa zaidi, na moja nimelirefusha kwa makusudi, kwa sababu kutolijua kunaua.

Bia ya baridi si inapoza mwili?

Inapoza mdomo na koo. Unaishika chupa imelowa kwa nje, unapiga funda la kwanza, unahisi umepona. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila ni ya dakika chache. Mwili hupoa kwa njia kuu mbili: damu kusogea kwenye ngozi ili joto litoke nje, na jasho kukauka juu ya ngozi. Pombe hutanua mishipa ya ngozi, ndiyo maana uso hupata joto ukinywa. Hewa ikiwa ya baridi, joto hutoka mwilini kweli. Lakini hewa ikifika nyuzi 35 na kupanda, inakuwa na joto kama la ngozi au zaidi, na hapo ngozi huanza kupokea joto badala ya kulitoa. Tegemeo linalobaki ni jasho, na jasho linahitaji maji.

Lakini bia si ina maji mengi?

Inayo, ila pombe iliyomo inayafukuza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere inayotoa homoni ya vasopresini, ambayo huziambia figo zibane maji. Pombe huizuia homoni hiyo, figo zinayaachia, nawe unakwenda kukojoa kila mara. Kadiri kinywaji kilivyo kikali ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Kwenye baridi utaamka na kiu tu. Kwenye joto, maji hayo hayo ndiyo uliyoyahitaji kutengeneza jasho.

Mbona nikisimama naona kizunguzungu?

Mishipa imetanuka kwa joto, ikatanuka tena kwa pombe, na maji ya damu yamepungua. Presha inashuka ghafla unaponyanyuka. Kaa chini au lala kivulini, inua miguu, kunywa maji taratibu. Usilazimishe kutembea.

Nitajuaje kama mtu amelewa tu, au joto limemzidi?

Mara nyingi hutajua kwa kumtazama. Kiharusi cha joto ni hali ambapo joto la ndani ya mwili hufika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaanza kuathirika. Mtu huyo anayumba, maneno yanamkwama, anajibu yasiyoulizwa, anakuwa mkali bila sababu, anatapika, kisha anazima. Sasa mpe mtu huyo harufu ya pombe mdomoni, halafu fikiria watu waliomzunguka watasema nini. Watasema kalewa chakari, mwacheni alale, itamtoka. Wanamwacha pale alipoangukia, kivuli kinahama, jua linamkuta. Wakirudi baadaye kumwamsha, haamki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye joto kali, aliyelewa na kuchanganyikiwa ahesabiwe kuwa amepata kiharusi cha joto mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Mguse kifuani na mgongoni. Akiwa wa moto kupita kawaida, usipoteze muda. Na usidanganywe na jasho. Wengi wamefundishwa kwamba ngozi huwa kavu, lakini aliyekuwa akifanya kazi au kucheza juani anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado yuko hatarini. Ukikosea, umemmwagia maji mlevi. Ukimwacha ukakosea, umempoteza.

Basi tufanyeje tukimkuta hivyo?

Mmoja apige simu ya dharura, wengine waanze kumpoza hapo hapo bila kusubiri gari. Msogezeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea kwa nguvu. Barafu ikipatikana, ifungeni kwenye kitambaa, muiweke shingoni, kwenye makwapa na kwenye kinena. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye uzito. Kama hajitambui msimpe chochote mdomoni, hata maji. Mlazeni ubavu ili akitapika matapishi yasiingie kwenye mapafu. Panadoli haishushi joto la aina hii, na ini lililochoshwa na pombe halihitaji mzigo mwingine.

Nikitoka jasho sana pombe si inaisha haraka?

Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya pombe huvunjwa na ini, na ini haliharakishwi na jua wala mazoezi.

Na kuzimua asubuhi?

Kuzimua kunaahirisha maumivu na kuongeza upungufu wa maji. Ulichokosa ni maji, chumvi, chakula na usingizi. Ukiamka na mkojo wa rangi nzito, kichwa kikigonga, na una kazi ya juani, omba ufanye ya kivulini siku hiyo. Hatari ya jana haijaisha kwa sababu tu umeamka.

Ninatumia dawa. Kuna shida?

Inawezekana. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Baadhi ya dawa za mzio na za afya ya akili hupunguza jasho. Mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari yake ya damu inaweza kushuka mno kwa sababu ya pombe, na dalili zake nazo hufanana na ulevi. Muulize mfamasia kuhusu dawa yako kwa jina. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Kama nitakunywa tu?

Subiri jua lizame. Kula kwanza. Glasi ya maji kati ya kinywaji na kinywaji, na usiingie kuogelea. Na awepo mmoja asiyekunywa, wa kuwatazama wengine.

Ndugu yangu hunywa kila siku. Nimwambie aache leo kwa ajili ya joto?

Asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa mara moja unaweza kutetemeka, kupata degedege na kuchanganyikiwa, na kwenye joto hali huwa mbaya zaidi. Mpeleke kituo cha afya apunguziwe kwa utaratibu. Kabla hamjafika huko, akae mahali penye upepo, apate maji, na asiachwe peke yake chumbani.