Ukiuza kampuni, GST huuliza umeuza nini hasa

Katika mikataba mingi ya kuuza biashara inayopita mezani kwangu, kifungu cha kodi ndicho huandikwa mwisho. Bei imeshakubaliwa, mawakili wamechoka, na mtu ananakili aya moja kutoka mkataba wa zamani. Kazi yangu ni kushauri kuhusu kodi ya bidhaa na huduma, yaani GST, katika mauziano ya kampuni nchini Australia, na nimeshaona aya hiyo moja ikila sehemu moja ya kumi na moja ya bei.

Hesabu yake ni hii. GST ya Australia ilianza tarehe 1 Julai 2000 kwa asilimia 10, na kiwango hicho hakijabadilika. Tuseme mkataba unataja bei ya dola milioni 22 na hausemi lolote kuhusu kodi. Ikionekana baadaye kwamba mauzo yale yalistahili kutozwa, sheria huihesabu kodi kuwa imo ndani ya bei: milioni 22 gawanya kwa 11, ni milioni 2. Muuzaji ndiye anayedaiwa na serikali. Kama hakuweka sharti la kumrudia mnunuzi kudai nyongeza, amepokea milioni 20 kwa kitu alichodhani amekiuza kwa 22.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: unauza hisa, au unauza biashara yenyewe? Katika mazungumzo ya kawaida watu husema tu "tumeuza kampuni", lakini kwa GST hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Hisa zinapouzwa, kampuni hubaki palepale na mashine zake, mikataba yake na madeni yake. Aliyebadilika ni mwenye hisa. Mauzo ya hisa huhesabiwa kama huduma ya fedha, na hayatozwi GST. Biashara yenyewe inapouzwa, kampuni inatoa vitu kimoja kimoja: mashine, bidhaa zilizo ghalani, jina na sifa ya biashara, pengine na jengo. Kila kimoja kwa kawaida kinatozwa asilimia 10.

Hapo ndipo unapoingia msamaha wa biashara inayoendelea, na ndio ninaopenda watu wauelewe vizuri, kwa sababu wengi huuchukulia kama neno la kuandika tu mkatabani. Masharti yake ni ya vitendo. Mnunuzi awe amesajiliwa kwa GST au anapaswa kusajiliwa. Pande zote mbili ziwe zimekubaliana kwa maandishi kwamba kinachouzwa ni biashara inayoendelea. Muuzaji aiendeshe biashara hadi siku ya makabidhiano, na ampe mnunuzi kila kitu kinachohitajika ili biashara hiyo iendelee. Yakitimia yote, mauzo hayatozwi kodi, na muuzaji bado anaweza kudai arudishiwe kodi aliyolipa kwenye gharama zake.

Maneno "kila kitu kinachohitajika" ndiyo huangusha watu. Niliwahi kuletewa mauzo ambayo mashine, wafanyakazi, wateja na jina vyote vilihamishwa, isipokuwa pango la jengo. Jengo lilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya mmiliki yuleyule, naye alitaka kulipangisha baadaye kwa mazungumzo ya peke yake. Biashara ile haikuweza kufanyika pengine zaidi ya pale. Mkataba ulitamka wazi kwamba ni biashara inayoendelea, lakini kutamka hakutoshi ikiwa kitu cha lazima kimebaki nyuma. Waraka wa mamlaka ya kodi uitwao GSTR 2002/5 unaeleza jambo hili kwa kirefu, na unataka pia makubaliano ya maandishi yawepo siku ya makabidhiano au kabla yake. Barua iliyoandikwa mwezi mmoja baadaye haiokoi chochote.

Labda unauliza: kwani mnunuzi si atajirejeshea kodi hiyo? Mara nyingi ndiyo. Lakini kwanza atafute fedha za kuilipa, mara nyingi kwa mkopo, kisha asubiri. Na kama kuna ardhi ndani ya mauzo, majimbo hukokotoa ushuru wa stempu juu ya bei pamoja na GST, na ushuru huo haurudi.

New Zealand, iliyoanza GST yake mwaka 1986, ilifika palepale kwa njia nyingine: mauzo ya biashara inayoendelea kati ya waliosajiliwa hutozwa kwa kiwango cha sifuri. Kiwango chao cha kawaida sasa ni asilimia 15, kwa hiyo kosa huko ni ghali zaidi.

Turudi kwenye hisa, maana kutotozwa kuna gharama yake. Huduma za fedha hazitozwi, lakini kodi uliyolipa ili kuzitoa kwa kawaida huwezi kuidai. Muuzaji wa hisa analipa mawakili, wahasibu na madalali, na kila ankara ina GST ndani yake. Kampuni ambayo haifanyi sana mambo ya fedha inaweza kuokolewa na kizingiti: inadai kodi yote ikiwa ile inayohusu huduma za fedha haizidi dola 150,000, wala asilimia 10 ya kodi yote inayodai katika kipindi cha miezi 12. Mauzo moja makubwa ya hisa yanaweza kuvuka kizingiti hicho kwa ankara za mawakili peke yake. Kwa huduma kadhaa zilizotajwa kwenye kanuni, ukikosa kurudishiwa yote unaweza kupata asilimia 75 ya kodi hiyo.

Mambo hubadilika mnunuzi wa hisa akiwa si mkazi na yuko nje ya Australia. Mauzo hayo yanaweza kuhesabiwa kama ya nje ya nchi, na hapo muuzaji anadai kodi ya gharama zake zote. Hisa ni zilezile na bei ni ileile. Ndiyo maana namtaka mteja anitajie wanunuzi wote walio kwenye mazungumzo kabla ankara ya kwanza haijaandikwa, na anionyeshe ni kampuni gani hasa itakayotia saini.

Na wewe unayenunua hisa, jambo unalopaswa kulichunguza kuliko yote ni kundi la GST. Kampuni zenye umiliki wa angalau asilimia 90 zinaweza kujiunga na kuwasilisha hesabu kama mlipakodi mmoja, na mauziano ya ndani hayatozwi. Lakini kila mwanakundi anawajibika kwa deni la kundi zima. Ukinunua kampuni iliyokuwa humo, inaweza kukujia na deni la dada zake wa zamani kwa vipindi ilivyokuwa nao. Sheria inaruhusu kundi kuandikiana mkataba wa kugawana deni hilo. Omba uuone, hakikisha ulifungwa kabla siku ya kuwasilisha hesabu haijafika, na udai uthibitisho kwamba kampuni unayoinunua imeshalipa fungu lake kabla ya kutoka kundini. Bila karatasi hizo mbili mkononi, simshauri mteja wangu aachie fedha siku ya kufunga mauzo.