Kwa nini lambo hugeuka kijani mvua ikishakata?

Mvua za Dodoma hunyesha Desemba hadi Aprili, na ndizo zinazosomba samadi na mbolea kutoka mashambani hadi lamboni. Mbona basi maji hayageuki kijani papo hapo, ila husubiri Septemba hadi Novemba?

Wakati wa kifuku chakula cha mwani unaotia maji kijani kipo tele, mwanga ndio haba: maji ya mkondo ni tope tupu na jua halipenyi. Mvua ikikata, tope hutulia. Juni na Julai bado kuna baridi na upepo unaoyakoroga maji. Kisha joto hupanda, na siku upepo ukilegea, maji ya juu yaliyopata moto hukaa juu ya yale ya chini, mazito na baridi, bila kuchanganyika. Tope la chini huishiwa oksijeni, na fosforasi, chakula kikuu cha mwani, iliyoshikwa na chuma cha udongo huachiliwa. Lambo nalo limepungua, kwa hiyo chakula kimekolea. Fikiria mfuko 1 wa mbolea ya DAP wa kilo 50: una takriban kilo 10 za fosforasi, na kila kilo yaweza kukuza hadi kilo 500 za mwani mbichi.

Wanaonufaika zaidi ni sianobakteria (watu huwaita mwani, lakini ni bakteria). Seli zao zina vifuko vya hewa vinavyowainua hadi kwenye jua, na hustawi joto la maji likizidi nyuzi 25. Baharini mambo ni yaleyale: kwenye pwani yetu, sianobakteria wa baharini waitwao Trichodesmium huchanua msimu wa kaskazi, maji yakiwa moto na yametulia.

Kuwatambua, vaa glavu, jaza chupa angavu robo tatu, iache usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikielea juu kama rangi ya kupaka, yaelekea ni wao. Kikizama, yaelekea ni mwani wa kawaida.

Sianobakteria hawa huweza kuwa na sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kumwaga mrututu (salfeti ya shaba) ili kuwaua ni kosa baya zaidi: seli hupasuka, sumu humwagika yote kwa mpigo, na zikioza hula oksijeni hadi perege wanaelea alfajiri. Kinachosaidia ni kuzungushia lambo uzio na kuvuta maji kwa bomba hadi kwenye mbauti ya kunyweshea mifugo, samadi isiingie. Utando ukishatanda, peleka mifugo kwenye kisima. Kama hakuna, chota upande upepo unakotokea, maana utando husukumwa ng'ambo ya pili.