Kabla ya Kufungua Kampuni ya Matangazo, Uza Kwanza

Vijana wengi wa Mombasa wanaofika katika kituo chetu cha biashara kuuliza namna ya kufungua kampuni ya matangazo huja na nembo tayari, kadi tayari, na ukurasa wa Instagram uliopambwa vizuri. Wakiulizwa wamewahi kuuza nini, wengi hunyamaza. Hatuulizi ili kumvunja mtu moyo. Tunauliza kwa sababu kazi hii inaanzia hapo, na ukifuata maisha ya David Ogilvy, Mwingereza aliyefungua kampuni kubwa ya matangazo kule New York, utaliona jambo hilo waziwazi.

Ogilvy alizaliwa Uingereza mwaka 1911. Alitoka Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1931 bila shahada, akafanya kazi jikoni katika Hotel Majestic mjini Paris, kisha akaenda Scotland kuuza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba. Aga ni jiko zito la chuma, la bei kali, na hizo zilikuwa zama za mdororo mkubwa wa uchumi. Aliuza vizuri mno hata mwaka 1935 kampuni ikamtaka awaandikie wenzake mwongozo. Humo aliwaambia wavae kwa heshima, wachunguze kwanza habari za mteja, tena wabishe hodi mlango wa nyuma, maana muuzaji anayejitokeza mlango wa mbele huwakera mtumishi na bibi wa nyumba pia. Aliyelelewa Mji wa Kale hahitaji kufafanuliwa habari ya mlango wa uani.

Mwaka 1938 alihamia Marekani, akaajiriwa na George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma. Kazi yake ikawa kuwauliza watu wa kawaida filamu gani wangependa kutazama. Vita vikaja, akatumikia idara ya ujasusi ya Uingereza kule Washington. Baadaye akalima kidogo Pennsylvania. Kampuni yake aliifungua New York mwaka 1948, akiwa na miaka 37, kwa kuungwa mkono na kampuni mbili za London, mojawapo ikiongozwa na kaka yake Francis. Jina hakuwa nalo kule, ila alikuwa ameshajua jinsi ya kumsikiliza mnunuzi.

Tazama alivyofanya kazi. Alipopewa kazi ya kutangaza magari ya Rolls-Royce, alikaa wiki 3 akisoma habari za gari lenyewe kabla ya kuandika neno. Tangazo la mwaka 1958 lilisema kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Maneno hayo hakuyatunga. Aliyaokota katika ripoti ya jarida la magari, akajua kwamba ndiyo hasa. Mimi kama mwalimu wa somo hili naona hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokosea zaidi: wanatafuta maneno matamu kabla ya kuijua bidhaa.

Tuseme mteja wako wa kwanza ni mwenye duka la halwa. Usikimbilie kuandika "tamu kuliko zote", kila duka linasema hivyo. Nenda ukasimame kando ya karai. Uliza wanakoroga saa ngapi, samli wanaitoa wapi, iliki wanaitia lini, halwa inakaa siku ngapi bila kuharibika. Kisha kaa kaunta mchana kutwa uangalie nani ananunua: wa harusi, wa posa, au msafiri anayebeba zawadi? Pengine utagundua msafiri anachotaka kusikia ni kwamba haitamwagika ndani ya begi. Hilo ndilo tangazo lako.

Upande wa pesa wengi huupuuza, nao ndio unaofunga kampuni changa. Zamani kampuni za matangazo ziliishi kwa kamisheni ya asilimia 15 kutoka kwa magazeti na redio, kwa hiyo mteja akitumia zaidi, wewe unapata zaidi. Mwaka 1960 Ogilvy alikubaliana na Shell alipwe ada maalumu badala ya kamisheni. Nawashauri vijana wafuate njia hiyo ya ada, kwa sababu mteja hatakushuku kwamba unamtia gharama ili ujaze mfuko wako. Tena msilipie redio kwa pesa zenu mkimngojea mteja alipe baada ya siku 60. Malipo ya awali yaandikwe kwenye mkataba.

Kuhusu sheria, kwa ufupi: madai ya uongo katika tangazo yanaweza kukufikisha mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mteja aliyesimama dukani si yako kuitumia bila idhini yake.

Jambo la mwisho ni hisa. Mwaka 1966 kampuni ya Ogilvy iliingia soko la hisa. Mwaka 1989, yeye akiwa amestaafu Ufaransa, WPP, kampuni ya matangazo ya Uingereza, iliinunua kwa dola milioni 864, na kelele zake za kupinga hazikuzuia kitu. Hapa kwetu, marafiki watatu wanaofungua kampuni pamoja waandike mbele ya wakili, kabla ya kupata mteja wa kwanza, nani ana hisa ngapi na itakuwaje mmoja akitaka kuuza zake.