Kanga ya tatu

Somo ninalopenda kulifundisha kuliko yote sikulipata chuoni. Nilikuwa mkunga mgeni kazini, zamu ya usiku, peke yangu kwenye zahanati ya kijijini mkoani Dodoma. Mama amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka zima, mtoto analia. Nikaandika kwenye faili: damu mililita 200. Bibi aliyekuja na mjukuu wake, mzee wa Kigogo mwenye maneno machache, alikuwa akimbadilishia kanga. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii ni ya tatu."

Nikashika tumbo. Mfuko wa uzazi ulikuwa laini, haujajikaza. Nikausugua, nikarudia oksitosini, dawa ya kuukaza, nikatundika dripu. Mama yule alipona, namshukuru Mungu. Ila ile 200 haikunitoka kichwani, maana sikuandika kwa uzembe. Ndivyo macho yangu yalivyoona.

Baadaye nilirudi darasani, nikasoma shahada ya uzamili, na sasa ni mhadhiri wa ukunga hapa Dodoma. Utafiti wangu wote unazunguka swali la bibi yule: mkunga anajuaje kwamba damu imezidi?

Kila mwaka nachemsha rozela. Naitia wanga kidogo iwe nzito, napima mililita 500 kamili, kisha naimwaga kwenye maabara ya stadi: nyingine kwenye kanga, nyingine kwenye pedi, nyingine chini ya makalio ya mdoli. Wanafunzi wanaingia mmoja mmoja, kila mtu anaandika makadirio yake. Wengi huandika 200 au 250. Nikimwaga lita nzima wanakosea zaidi. "Madam, haiwezekani," husema, mpaka niwaonyeshe jagi. Na hizo 500 ndizo kipimo tulichofundishwa miaka yote kwamba zikifika hapo mama anavuja damu kupita kiasi.

Kanga inakunywa. Damu inapita chini ya mgongo, inashuka sakafuni, inachanganyika na maji ya uzazi, na jicho linahesabu ile tu inayoonekana juu. Mwili wa mama nao unaficha. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia kama mililita 600 kwa dakika, na mwili umeshajiwekea akiba. Kwa hiyo binti mwenye afya anaweza kupoteza nyingi huku presha imetulia kabisa, halafu ikaporomoka ghafla. Mkunga anayesubiri presha ishuke ndipo aite msaada, tayari amechelewa. Hili nalirudia darasani hadi najua nawachosha, na nitaendelea kulirudia.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Kuvuja damu bado ni miongoni mwa visababishi vikuu, na ndiyo maana matokeo ya E-MOTIVE ya mwaka 2023 yalinifanya nisimame kitini. Jaribio hilo lilifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, likihusisha zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwenye hospitali zilizopangiwa utaratibu mpya, walitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, na damu ilipozidi walipewa tiba zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya traneksamiki inayosaidia kuzuia damu isivuje, dripu, na kukaguliwa wanavujia wapi. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni kupima mapema na kutosubiri dawa moja ishindwe ndipo uijaribu nyingine.

Mifuko ile hutumika mara moja na kutupwa, na zahanati nyingi hazina. Ila mizani ya watoto ipo. Pima kanga na pedi zikiwa kavu kabla ya leba, andika uzito wake, zipime tena zikilowa, kisha toa ule uzito wa kwanza. Gramu moja ni karibu sawa na mililita moja. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wakienda vijijini kwa mafunzo ya vitendo, kazi ya kwanza ninayowapa ni kupima kanga za akina mama zikiwa bado kavu.