Utepe wa kichwani unaotulia juu ya masikio

Kazi ninayoletewa mara nyingi zaidi nirekebishe ni utepe wa kichwani wa sufu unaopanda. Mwenyewe anauvaa asubuhi umefunika masikio vizuri, na baada ya saa moja umekwea juu kama taji, masikio yako nje kwenye baridi. Karibu kila mara aliyeufuma ana mkono mzuri na uzi mzuri, ila utepe unavutika upande usiotakiwa.

Sikio kwa sehemu kubwa ni gegedu na ngozi, lina mafuta kidogo sana ya kulilinda, na limechomoza pembeni mahali upepo unapopita. Ndiyo maana huumia kabla ya shavu. Kinacholitunzia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya ufumaji, na hewa hiyo hukaa tu ikiwa utepe umeligusa sikio bila kulikandamiza. Ukilegea upepo unaingia, ukibana sana sikio linaumia kwa sababu nyingine kabisa.

Mbavu, yaani mishono 2 ya mbele (inayotoa uso laini) na 2 ya nyuma (inayotoa tuta) kwa kupokezana, huvutika kwa upana wa mstari. Ukifuma mbavu kwa sindano ya duara, utepe ukizunguka kichwa tangu mstari wa kwanza, zinavutika kuzunguka kichwa, na hilo ndilo tunalolitaka. Lakini wengi hufuma kipande kirefu chembamba kisha wakaunganisha ncha. Hapo mbavu zinalala kufuata urefu wa utepe, na uwezo wake wote wa kuvutika unakwenda juu na chini. Kuzunguka kichwa hazishiki kitu, na kingo huvutwa kuelekea katikati ya utepe. Sikio linaachwa.

Kwa utepe wa kipande kirefu mimi hutumia mishono ya mbele peke yake, kila mstari, kwenda na kurudi. Ufumaji huu una matuta pande zote mbili, ni mnene, kingo zake hazijikunji, na sifa yake kubwa ni kwamba huvutika vizuri kwa urefu. Ukiulaza kuzunguka kichwa unashika wenyewe. Anayependa uso laini wa mstari wa mbele na mstari wa nyuma ajue kwamba kingo zitajiviringisha mpaka ncha ya sikio ionekane.

Sasa vipimo. Tuseme kichwa kina sentimita 56 ukipima juu kidogo ya nyusi na kupitia kisogoni. Utepe uwe mfupi kuliko kichwa kwa kama asilimia 12, kwa hiyo sentimita 49. Sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 hadi 7, na utepe ulifunike na kubaki na sentimita 2 juu na 2 chini, basi upana penye sikio ni sentimita 11. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, ndipo upime. Kipande kisichooshwa hudanganya, hasa cha sufu.

Uzi wangu wa unene wa kati kwenye sindano za milimita 5 hunipa mishono 18 na mistari 36 kwa kila sentimita 10. Utepe mzima basi ni mistari 176. Naanzia kisogoni kwa mishono 12, mistari 14. Kisha naongeza mshono mmoja kila upande, mara 4, mara moja katika kila mistari 4, hadi mishono 20. Nyongeza naiweka ndani ya mishono 2 ya ukingoni ili ukingo ubaki umenyooka. Mistari 22 inayofuata ni ya sikio. Halafu napunguza hadi 16 kwa njia ileile ndani ya mistari 8, nafuma mistari 56 ya paji la uso, kisha narudia yote kinyume upande wa pili. Paji la uso halihitaji upana wa sikio. Upana ukizidi pale, utepe unashuka machoni na mtu anausukuma juu, na ukisukumwa juu mbele masikio nayo yanafunuka.

Ncha nazishona zikitazamana ukingo kwa ukingo bila kuzipandanisha, na maungio hayo yanakaa kisogoni.

Kuhusu uzi sina kigugumizi: sufu. Nyuzi zake zina mawimbi yanayonasa hewa, na hunyonya unyevu mwingi kabla mvaaji hajahisi kulowa. Pamba hubeba jasho na kulikalisha ubaridi juu ya ngozi, tena ikishavutika hairudi. Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, inafaa kwa mtu ambaye sufu inamwasha, ingawa ningemshauri kwanza ajaribu sufu ya kondoo wa merino, maana nyuzi zake ni nyembamba na ngozi ya paji la uso huipokea vizuri.

Kwenye upepo mkali naongeza bitana mbili ndogo za uzi laini ndani, moja kwa kila sikio. Zifumwe kwa mwelekeo uleule wa utepe na zishonwe kwa mishono iliyolegea juu na chini tu. Ukizishona kuzunguka kote, sehemu ile inakuwa ngumu, haivutiki tena, na utepe unaanza kupanda kutokea hapohapo.

Osha kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, kamua kwa kuukunja ndani ya taulo, halafu ulaze. Usiutundike kwenye kamba: uzito wa maji huvuta urefu ule ule uliopigania uwe mfupi.