Je, wajua kwa nini kufuli la mchakato mmoja halimzuii jirani yake?

Michakato miwili, yaani programu mbili zinazoendeshwa, inaandika kwenye faili moja. Kila mmoja una kufuli, unalifunga kabla ya kuandika na kulifungua ukimaliza, na bado data inavurugika. Kwa nini?

Kufuli la kawaida, yaani muteksi, ni namba iliyokaa kwenye kumbukumbu: 0 liko wazi, 1 limefungwa. Na mfumo endeshi huupa kila mchakato anwani zake. Anwani ileile kwenye michakato miwili kwa kawaida huelekea sehemu mbili tofauti za RAM. Kwa hiyo hapo kuna makufuli mawili, na hakuna linalomzuia mwenzake.

Windows hutatua hilo kwa jina. Mchakato wa kwanza ukiita CreateMutex na kutaja jina, kiini cha mfumo (kernel) huunda kufuli. Wa pili ukitaja jina hilohilo hupewa lilelile. Kila mmoja hupata namba ya kulishikia, lakini namba hiyo ina maana ndani ya mchakato wake tu. Kumtumia mwenzako namba yenyewe hakusaidii; lazima inakiliwe kwa DuplicateHandle au irithiwe na mchakato mtoto.

Kwenye Linux unaweza kuliweka kufuli ndani ya kumbukumbu ya pamoja, kisha ulitie alama ya PTHREAD_PROCESS_SHARED. Wengi huisahau alama hiyo, na ndipo shida huanza. Kufuli likiwa wazi, mchakato hulichukua wenyewe bila kukisumbua kiini. Likiwa limefungwa, huomba kiini kiulaze hadi lifunguliwe, na hapo kiini lazima kijue unasubiri kufuli lipi. La mchakato mmoja hutambuliwa kwa anwani yake, njia ya haraka. La pamoja haliwezi kutambuliwa hivyo, kwa sababu kila mchakato unaweza kuliona kwenye anwani tofauti. Kiini hutafuta ukurasa halisi wa kumbukumbu ulio nyuma ya anwani. Bila alama, kiini hutafuta kwa anwani ya mchakato mmoja tu, hivyo anayefungua humwamsha asiyekuwepo, na aliyelala anaweza kubaki amelala.

Gumu zaidi ni kifo. Mchakato ukiuawa ukiwa umeshika kufuli, nani atalifungua? Windows humpa anayefuata kufuli pamoja na taarifa ya WAIT_ABANDONED: mwenyewe ameliacha bila kulifungua, kagua data. Kwenye POSIX, kanuni ambazo Linux hufuata kwa sehemu kubwa, taarifa hiyo, EOWNERDEAD, huja tu ikiwa muteksi iliundwa kwa sifa ya PTHREAD_MUTEX_ROBUST. Anayelipokea hutengeneza data, kisha huita pthread_mutex_consistent. Akilifungua bila kufanya hivyo, kufuli halitumiki tena mpaka liundwe upya.

Semafo ya POSIX haina ulinzi huo. Ni hesabu isiyo na mwenyewe: anayeingia huipunguza moja, anayetoka huiongeza. Hivyo aliyekufa akiwa amepunguza moja huiacha imepungua, na wanaosubiri hawaambiwi lolote. Ndiyo maana, kwa kulinda data ya pamoja, mimi huchagua muteksi yenye sifa ya PTHREAD_MUTEX_ROBUST, hata kama semafo ni nyepesi kuiandika.