Hurling ya daraja la junia: dhana potofu na ukweli

"Junia ni mashindano ya watoto." Hili huwachanganya wengi. Katika hurling, mchezo wa fimbo na mpira wa Ayalandi, junia ni daraja la watu wazima, chini ya daraja la kati, ambalo nalo liko chini ya lile la juu. Watoto hupangwa kwa umri, klabu za junia hupangwa kwa uwezo. Beki wa miaka 38 mwenye goti bovu anaweza kupangiwa kumkaba kijana wa miaka 19, na hakuna wa kumwonea huruma.

"Ukitwaa kombe la kaunti, msimu umekwisha." Hapo umefika nusu ya safari. Tangu 2022 timu za kaunti, yaani teule za wachezaji bora wa klabu, humaliza Julai, ndipo klabu zinaingia viwanjani. Bingwa wa kaunti hupanda daraja mwaka unaofuata, lakini kabla ya hapo huenda kuwania ubingwa wa mkoa, kisha wa taifa, na fainali huchezwa Januari. Ballygiblin ya Cork ilifungwa na Mooncoin ya Kilkenny katika fainali ya taifa mwaka 2022. Ikapanda daraja moja ndani ya Cork, ila daraja lile bado lilihesabika kuwa junia nje ya kaunti. Ikarudi Croke Park, uwanja mkuu wa Dublin, Januari 2023 na kuifunga Easkey ya Sligo.

"Timu mbili zikilingana kwenye kundi, hesabu tofauti ya mabao." Zikiwa mbili tu, huangaliwa kwanza nani alimfunga mwenzake. Tofauti ya mabao huamua zikilingana tatu au zaidi. Kocha asiyelijua hili hukimbizana na mabao ya bure katika mechi ya mwisho.

"1-14 ni zaidi ya 0-18, si wana goli?" Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Goli ni pointi 3, na mpira uliopita juu ya mwamba kati ya milingoti ni 1. Kwa hiyo ni 17 kwa 18, na mwenye goli kafungwa.

"Ni mpira wa magongo wenye fujo." Sliotar, mpira wa gramu 110 hadi 116, hupigwa hewani na kudakwa kwa mkono. Kuuokota chini kwa mkono ni kosa: lazima uinuliwe kwa fimbo au kwa mguu. Ukiushika mkononi, unaruhusiwa hatua 4 tu. Pasi ya mkono nayo ni lazima ionekane imepigwa, maana ukiurusha tu, refa anapuliza. Makosa haya mawili huongezeka mechi za mwisho wa mwaka: uwanja ni tope, ngozi ya mpira imelowa, mchezaji anashindwa kuuinua mara ya kwanza, na akishaupata amezungukwa, hivyo anaongeza hatua ya tano au anautupa kwa hofu. Kofia ngumu yenye kinga ya uso ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010.

Mishahara? Hakuna, hata daraja la juu.